Nakala Nene

Kengele ya jokofu la chanjo haina makuu: kisanduku ukutani kinachopima baridi, na joto likizidi, kinalia. Programu yake niliiandika mimi, nikiwa bado kwenye majaribio ya kazi.

"Mama Kifaranga!" Bosi aliniita. Kifaranga ni jina la utani la mwanangu. "Programu yako imenenepa, haiingii kwenye kisanduku."

Nilikuwa nimeikompaili, yaani kuigeuza lugha ya mashine, pamoja na taarifa za kutafutia hitilafu. Programu ikishageuzwa hivyo, mistari tuliyoandika haionekani tena. Taarifa hizo ndizo hukumbuka kila kipande kimetoka mstari upi. Nazo zina uzito wake.

"Zitoe. Kisanduku hakisomi hadithi."

"Nitazitoa kwenye nakala ya kisanduku, bosi. Hii nene ibaki hapa karakana. Kwani ukishashona gauni, vipimo unavitupa?"

"Mdomo unao," akacheka. "Haya, weka."

Wiki haijaisha, nesi wa zahanati akapiga simu. "Kisanduku chenu kimezimia, dada. Kinaonyesha namba tu. Kina mama wamejaa kwenye benchi, na mimi siwezi kuchoma chanjo nisiyojua ilikaaje."

Akilini nilimwona Kifaranga kwenye benchi lile.

"Nyaya hizo," Bosi akamgeukia fundi umeme aliyekifunga kisanduku.

"Eti nyaya! Hata mvua ikinyesha ni nyaya zangu!"

Wakati wanarushiana maneno, nesi alinisomea namba. Nikaiuliza nakala nene. Ikanijibu papo hapo: faili langu, mstari ninapotafuta wastani wa vipimo.

"Nesi, mlichomoa kipimajoto?"

"Asubuhi, kidogo tu, tulipokuwa tunasafisha jokofu. Tukakirudisha."

Basi vipimo havikuwepo, na programu yangu ikagawanya kwa sifuri, jambo lisilowezekana, ikazimia. Jibu hilo kwenye skrini nililiona peke yangu. Fundi umeme alikuwa ameshachukua bisibisi aende.

"Kaa, kaka," nikasema. "Kosa ni langu."

Nikarekebisha, nikatuma kwa mtandao. Nesi akazima, akawasha. "Kimeamka! Kinasema joto liko sawa, na kumbukumbu ya kipimajoto inaonyesha halikupanda."

Bosi alinitazama. "Ungenyamaza, nani angejua?"

"Nakala nene, bosi."

Akakuna kidevu. "Kesho utatuonyesha wote namna ya kuweka nakala hizo."

Kesho. Kumbe kazi bado ninayo. Neno hilo nililibeba hadi nyumbani, nikamnong'oneza Kifaranga sikioni.