Upande wa Mama

Asubuhi aliyokwenda hospitali, mama alitandika meza kwanza. Gari lilikuwa linaunguruma mlangoni, baba amesimama na mkoba wake begani, lakini yeye aliuzunguka mfarishi mpya akiunyoosha pembe kwa pembe, kama anayemfunika mtoto. Akatuambia chai iko kwenye chupa, akaondoka. Hakurudi.

Kwa watu wengine mfarishi ni wa kitandani. Kwetu ulikuwa wa mezani. Mama alikuwa fundi cherehani, na nguo zetu zilizochakaa hazikutupwa. Alizikata vipande, akaviunga kwa mkono, akatia pamba katikati, na kila mmoja akawa na upande wa meza wenye nguo zake: mashati ya kazini ya baba, sare za shule za dada, suruali zangu zilizopasuka magoti, na kwake mama, magauni ya maua. Glasi ziliyumba juu ya unene ule. Baba aliwaambia wageni kwamba nyumba hii watu hula kitandani.

Mwaka ule mama alianza kuyapunguza magauni yake kiunoni. Akayapunguza tena. Alisema mafundi wa siku hizi hawajui kukata, na fundi alikuwa yeye mwenyewe. Tulicheka.

Kisha akashona mfarishi mpya. Dada ndiye aliyegundua. Mashati ya baba yalikuwa yamekunja kona yakaingia upande wa mama, na sare zilikuwa zimetokea kona ya pili kuyapokea. Maua hayakuwapo.

"Mama, wewe utakaa wapi?"

Mama hakuinua macho kwenye sindano. "Nyie sogeeni tu. Meza yenyewe si kubwa hivyo."

Baba akadhani ameishiwa vitambaa. Kesho yake akaja na kitambaa cha maua, kipya, kimefungwa kwenye gazeti. "Haya, mama watoto, usije ukaishia kula jikoni."

Mama alikipapasa kwa muda mrefu. Akamshukuru, akakirudisha kwenye gazeti lake, akakiweka kabatini. Mkasi haukukigusa. Jioni ile cherehani haikulia, na alipokuwa akipita kwenda chumbani nilimwona amejibonyeza ubavuni kwa kiganja, taratibu, kama fundi anayelaza mshono uliokataa kulala.

Siku ya mazishi jirani mmoja alianza kusema mficha maradhi, akauona uso wa baba, akamalizia kwa kikohozi. Wageni walipoondoka tulikaa mezani sisi watatu. Chakula kilipoa. Hakuna aliyethubutu kuweka sahani upande ule, ingawa ulikuwa umeshonwa kwa nguo zetu, mishono midogo, iliyonyooka, isiyo na haraka hata mmoja.

Siku hizi baba amesogea. Hula chakula chake pale pale, mashati yake yanapokutana na sare za dada. Kitambaa cha maua kingali kabatini, ndani ya gazeti lake.