Mtoto wa Kaka Yake Daktari

Pale Kisesa hakuna aliyekuwa na shaka kwamba Wilhelmina angeingia chuo cha matabibu. Baba yake mdogo, Daktari Luhaga, alikuwa mmoja wa wasaili. Mama yake, Ng'washi, aliyeuza mitumba sokoni, alimfuata shemeji yake mapema huko Nyegezi.

"Siku hizi kila kitu ni ruksa, shemeji," alimwambia. "Marehemu kaka yako ndiye aliyekusomesha. Sasa na wewe mshike mkono mwanao."

"Akiingia yeye, mimi natoka," Luhaga alijibu.

Na kweli, siku ya usaili alitoka. Waliobaki, wasije wakasemwa, wakambana Wilhelmina kuliko wengine. Mtoto anaharisha, utajuaje kwamba amepungukiwa maji? Akaeleza ya kitabuni, kisha akakwama. Umewahi kumwona mtoto wa namna hiyo? Hajawahi.

Akakosa nafasi. Ng'washi akakata mguu kabisa kwa shemeji yake.

Wilhelmina alilia siku ile tu. Kesho yake alikwenda kwenye zahanati ya misheni kumwomba Sista Teodora kazi yoyote, hata ya kupiga deki.

"Wewe ni wa nani?" Sista aliuliza.

"Wa Ng'washi, muuza mitumba."

Mwaka mzima alipiga deki, akachemsha sindano, akawashikilia watoto wakitundikiwa dripu. Alipozoea damu na matapishi, Sista akaanza kumwita: njoo uone hapa, shika hapa.

Usaili ukarudi, Luhaga akatoka tena, na swali likawa lilelile.

"Naibana ngozi ya tumbo," Wilhelmina alisema. "Nikiiachia, ikichelewa kurudi, hali si nzuri. Naangalia kama macho yamezama. Akiweza kunywa, mama yake anaanza kumnywesha palepale, kijiko kwa kijiko. Akitapika tunangoja kidogo, tunaanza tena."

Safari hii hawakumuuliza mengi.

Alipochaguliwa, Ng'washi alivaa kitenge chake kizuri, akamchukua binti yake wakaenda Nyegezi kushukuru.

"Shemeji, mimi nilikuwa nje nakunywa chai," Luhaga alisema.

"Najua, shemeji, najua," Ng'washi akajibu, akitabasamu kama mtu anayetunza siri ya ukoo.

Mama yake alipokwenda jikoni kumsalimu mke wa Luhaga, Wilhelmina akauliza kwa sauti ya chini, "Baba mdogo, mwaka jana kwa nini ulitoka?"

"Ningebaki mle ndani ningekupitisha. Na ulikuwa hujaiva."

Siku ya kwanza chuoni, msichana aliyeketi kando yake alimnong'oneza, "Wanasema wewe ni wa Daktari Luhaga."

"Ni baba yangu mdogo."

"Kumbe ndiyo maana."

Wilhelmina alitaka kueleza, akaacha. Mwalimu alikuwa ameingia, anauliza nani atakuja mbele kuonyesha jinsi ya kupima mapigo ya moyo. Wengine walikuwa bado wanatazamana alipoinuka, akasogeza kiti, akaenda.