Binti Mfalme Jikoni kwa Watawa

Jitka, binti wa tatu wa mfalme wetu wa Bohemia, alibisha hodi kwenye nyumba yetu ya watawa hapa Praha wiki mbili kabla ya harusi yake, akaomba kuwa mtawa. Bwana harusi alikuwa njiani tayari, akitokea nchi jirani ya Saksonia na msafara wa farasi sitini. Mama Mkuu alimkata nywele siku hiyo hiyo, kisha akanikabidhi mimi, Bohdana, msimamizi wa jiko.

Sikumpenda. Kisu hakujua kukishika. Sufuria alizoziosha zilibaki na mafuta, nikamwambia mbele ya wenzake, "Hizi umeziosha au umezipapasa? Rudia!"

Masista waliinamisha vichwa. Jitka alinitazama, akacheka, akazirudisha majini.

Siku ya tatu mfalme alikuja mwenyewe, akaingia moja kwa moja hadi jikoni na buti zake za matope. Jitka alikuwa akipara samaki, vidole vimepasuka kwa baridi.

"Mwanangu, hata mbwa wangu wanalala pazuri kuliko wewe."

"Ndiyo, baba. Na wakitakiwa wanapigiwa mluzi."

Mfalme alikaa juu ya gunia la kabichi. "Nani kakukosea?"

"Hakuna. Ila tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniambia nimekosea. Nikiimba vibaya wanapiga makofi. Nikisali nusunusu, padre ananisifu. Huyu sista kaniambia siku ya kwanza."

Mfalme akanigeukia. Niliendelea kukata vitunguu.

"Na watu wa Saksonia niwaambie nini?"

"Waambie ukweli."

"Ukweli utaniletea vita, we mtoto!"

Jitka aliinamia tena samaki wake. Mfalme aliondoka bila kumbariki.

Vita vilikuja kweli, vya kiangazi kimoja tu. Vijiji viwili vya mpakani viliteketezwa. Jitka alipopata habari hakula siku nne. Kisha aliomba aletewe majina ya waliokufa, akayakariri yote, akawa anawaombea mmoja mmoja kila alfajiri.

Aliishi nasi miaka thelathini na mmoja. Baba yake hakurudi tena. Mara mbili tulimchagua kuwa Mama Mkuu, mara mbili akakataa.

Alipougua homa ya mwisho nilimuuliza, "Jitka, umewahi kujuta?"

"Kwa ajili ya wale watu, kila siku," alisema. "Kwa ajili yangu, hapana."

Tulimzika Alhamisi, mvua ikinyesha.