Bata wa Ersilia

"Mwaga maji, Mama Ersilia! Wageni wanasubiri."

Ersilia aling'ang'ania ndoo. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mlinzi wa mabaki ya jumba hili la shamba la Warumi, huku milimani Molise, Italia. Kila kiangazi yeye mwenyewe alimwagia maji sakafu ya vijiwe vya rangi, na bata wa kale aliyechorwa kwa vijiwe hivyo aking'aa kijani shingoni, wageni hupiga makofi. Lakini hii ilikuwa Januari, katikati ya baridi kali. Januari sakafu hulala chini ya mchanga wa kuikinga, na mkurugenzi mpya, Bwana Tancredi, alikuwa ameifukua jana ili awafurahishe wakubwa kutoka Roma.

"Maji yataingia kwenye nyufa, yagande," alisema Ersilia. "Yakiganda yanavimba. Vijiwe vitang'oka."

"Mama, mimi nimeyasomea haya."

"Umeyasomea. Umewahi kuipigia magoti sakafu hii hata siku moja?"

Mgeni mmoja alicheka. Tancredi akaiva uso, akampokonya ndoo, akamwaga. Bata aling'aa. Simu zikainuliwa, na wawili wakamkanyaga ndege shingoni ili wapigwe picha vizuri.

Ersilia alivua koti la marehemu mumewe, akapiga magoti, akaanza kukausha.

"Mama, unatuzibia!"

"Pigeni picha makalio yangu, nayo ni ya kale!"

Alikausha mpaka koti likalowa chepechepe. Ila pale shingoni buti hazikusogea hata aliposukuma miguu yao kwa bega. Maji ya pale yakaachwa yagande usiku.

Asubuhi alikuta shingo imebenuka kama ganda la mkate. Alipoigusa, vijiwe vilimjia mkononi. Alivifunga kwenye leso, akachukua koleo, akaifukia sakafu yote kwa mchanga. Kisha akalifunga lango kwa ndani.

Saa nne basi dogo lilifika na wageni wengine. Tancredi alilitikisa lango.

"Fungua! Na ndoo iko wapi?"

Ersilia alikuwa ameketi kizingitini, upande wa ndani, ufunguo umo kifuani mwake.

"Ersilia, ukikataa, kazi huna!"

"Kazi chukua. Ufunguo njoo uutoe mwenyewe, kama mama yako alikuzaa mwanamume."

Theluji ilianza kudondoka. Dereva akapiga honi. Ersilia alifungua leso mapajani, akapangusa kizingiti kwa kiganja, akaanza kupanga vijiwe vya kijani, kimoja kando ya kingine, akitafuta shingo ilianzia wapi.