Imesomwa na Mwalimu

...na maandishi makubwa ni mepesi, hayo hata bila miwani ningeyasoma, yamepigwa kwa rangi ya dhahabu kuizunguka picha ya mzungu aliyevaa koti jeupe, Dokta Ferlow, ndilo jina, Ferlow, si Felo kama anavyotamka Zaidi mwenye duka tangu alipoyapanga makopo haya ya krimu rafuni, na chini ya picha inasema huondoa madoa yote, inasema imepimwa na wataalamu wa ngozi, inasema ni salama kwa ngozi za kila aina, hayo nimekwisha kuyaona, ningekuwa nimekwisha kumwambia na Zipora angekuwa amekwisha kutoka dukani na kopo lake, lakini kidole gumba changu kimetua ubavuni, juu ya mstari wa herufi ndogo, na sitaki kukiondoa, kikiondoka tu nitaliona lile jina jingine, najua lipo, niliona mwanzo wake kabla kidole hakijafika... "Mwalimu, inasemaje?" anauliza Zipora, kwa sauti ileile ya darasani, sauti ya mtoto aliyenyoosha mkono akangoja kuitwa, nami nasema, "Subiri kidogo, mwanangu," kana kwamba shida ni macho, navua miwani, naipangusa kwa ncha ya shati, naivaa, naona vilevile, chai aliyoniwekea Zaidi hapa kwenye benchi inatoa mvuke, chai ya tangawizi, kila asubuhi ananiwekea, sijawahi kuiomba na sijawahi kuikataa, na huko mlangoni Jenifa muuza karanga amekwisha kumwona mgeni wangu, anapaza sauti soko zima la Majengo lisikie, "We Zipora! Umesilimu lini, mbona hatukualikwa pilau?" na Zaidi nyuma ya kaunta anacheka, "Angesilimu mimi ndiye ningepewa habari kwanza, Jenifa, uza karanga zako," na Zipora naye anacheka, nakisikia kicheko kikitoka chini ya khanga aliyojifunika kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, macho tu yako nje, na mimi peke yangu ndiye nisiyecheka, kwa sababu alinifunulia alipoingia, kwa haraka, kama mtu anayemwonyesha daktari kidonda, nikaona mashavu yana madoa ya bluu-nyeusi, rangi ileile ya wino tuliokuwa tukiukoroga wenyewe shuleni kwa unga wake na maji, uso mzima kama karatasi ya kukaushia wino iliyotumika muhula mzima, na chini ya macho ngozi nyembamba, nyekundu, inayong'aa, "Shikamoo Mwalimu, umeona nilivyokuwa?" nikasema marahaba, nikasema nimeona.

Zipora Mlewa, darasa la nne, Makole, dawati la dirishani, wenzake walimwita Zipo nami nikiwakataza, mtu aitwe jina lake lote alilobatizwa nalo, nilikuwa hivyo na bado niko hivyo, nilimfundisha kusoma Kiswahili akasoma vizuri, Kiingereza hakukifikia, baba yake alimwondoa, lakini kabla hajaondolewa alikuwa amekwisha kuimba pamoja na wenzake ile sentensi niliyoiandika ubaoni kila mwanzo wa mwaka, lililosemwa huchukuliwa na upepo, lililoandikwa hubaki, nikiwachapia mdundo kwa rula juu ya meza, lililoandikwa hubaki, lililoandikwa hubaki, wakaamini, mbona wasiamini, niliamini mimi kwanza, niliamini kwamba mtu hawezi kukaa akapanga herufi moja moja, akazipiga chapa, akazitia rangi ya dhahabu, kwa ajili ya kusema uongo, uongo ulikuwa ni kitu cha mdomoni, cha kilabuni, cha sokoni, na siku zile vitu vilivyoandikwa vilikuwa vichache, Biblia, tangazo la bwana shauri, chupa ya dawa, baadaye ikaja miaka ya foleni, rafu za duka hili hili zilikuwa na chumvi na viberiti, sabuni ilikatwa vipande, watu wakapaka mafuta ya karanga, wakapaka samli, wakapaka nyonyo, hakuna aliyehitaji kusomewa karanga, kisha ikaja ruksa, milango ikafunguliwa, malori yakapanda kutoka Dar es Salaam na makatoni, na kila kopo lina maneno ya Kiingereza, maneno mengi kuliko mafuta yaliyomo, wanawake wakawa wanayageuza mikononi kama wanaotafuta mlango wa kuingilia, hadi siku moja mmoja akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa hapa nikisoma gazeti, akasema, baba, samahani, hiki kinasemaje, nikamsomea, akashukuru kwa kupiga goti, na moyo wangu ukafurahi, hilo silifichi, mtu aliyestaafu hakuna tena anayemnyooshea mkono.

Tangu hapo kazi ikawa hivyo, wanakuja na kopo, wananipa kwa mikono miwili, nasoma, nawarudishia, wananunua, na Zaidi akapata msemo, akija mteja mwenye mashaka Zaidi hasemi ni nzuri, hasemi inatoka Ulaya, anasema, "Chukua dada, hii imesomwa na Mwalimu," imesomwa, kama vile nyama ya machinjioni inavyopigwa mhuri, na mimi nilisikia, nilikuwa nimekaa papa hapa nikisikia, nikageuza ukurasa wa gazeti. Ndipo akaja Zipora mara ya kwanza, amepata kazi ya kupeleka chai kwenye ofisi za serikali, anasema huko wanawake wanang'aa Mwalimu, wanatoka mikoani wamependeza, mimi nikisimama na sinia langu naonekana nimetoka jikoni, akanipa kopo la Miss Orlina, la waridi, nikasoma, hung'arisha na kulainisha, laini kama maziwa, salama, akauliza, "Kwa hiyo haina madhara, Mwalimu?" nikajibu, nakumbuka nilivyojibu, "Imeandikwa salama," hivyo, sikusema ni salama, nilisema imeandikwa salama, na usiku mwingi nimeishika tofauti hiyo kama mtu aliyeshika ukingo wa kisima, sikusema ni, nilisema imeandikwa, lakini ni nani aliyewafundisha kwamba hayo mawili ni kitu kimoja, rula ilikuwa ya nani.

Na lile jina lilikuwapo, ubavuni, herufi ndogo, mahali hapa hapa, jina refu la kitu kilichotiwa ndani, lenye herufi zinazogongana, nililiona nikasimama hapo, sikulitamka, kwa sababu Bwana Pemberton, Pemberton, si Pembatoni kama wenzangu walivyomwita, alitufundisha katika shule ya misheni kwamba anayesoma kwa sauti neno asilolijua maana ni kasuku, na kasuku husimama, husimama kando ya dawati mpaka kengele, wenzake wamekaa, kwa hiyo tukajifunza, tuliokuwa werevu, ukiliona mbele neno usilolijua unaimaliza sentensi kabla hujalifikia, unashusha sauti kana kwamba nukta iko hapo, unafunga kitabu, unakaa, na Bwana Pemberton anasema vizuri sana, ila Luka Chibehe hakuweza, yeye alikuwa anatamka kila kilichoandikwa, kwa makosa, kwa kigugumizi, mpaka mwisho wa mstari, akasimama karibu muhula mzima, tukamcheka, sisi tukawa walimu yeye akarudi kwenye ng'ombe wa baba yake, na mimi nimesoma hivyo maisha yangu yote, nikishusha sauti mbele ya neno nisilolijua, hata kanisani, hata kwenye ofisi ya elimu, watu wakisema Mwalimu Batholomeo hajikwai, sijikwai kwa sababu siendi kuliko na jiwe.

Lakini kule mbele, baada ya jina, palikuwa na maneno mepesi, hilo ndilo, hilo ndilo linaloniamsha, nilikuja kuliokota kopo tupu la Miss Orlina pale nyuma ya duka, baada ya kumwona Zipora kanisani amehama mstari wa mbele wa kwaya na kusimama nyuma ya wanaume, nikaliokota, nikalifuta, nikapita lile jina kwa mara ya kwanza nikaenda upande wa pili, na huko maneno yalikuwa mepesi kabisa, ya darasa la sita, jiepushe na jua baada ya kupaka, usitumie kwa muda mrefu, ngozi ikibadilika acha mara moja, kila neno nilikuwa ninalijua maana, ningeweza kumwambia, usikae juani, naye mtu wa Dodoma, anayetembea kutoka Makole hadi ofisini na sinia, jua likiwa juu ya kichwa kama chungu kilichofunikwa, angecheka, angesema Mwalimu jua nitalikimbia niende wapi, na kopo angelirudisha rafuni, angelirudisha, naamini angelirudisha... nilimweleza Zaidi, si yote, nilimwambia tu, Zaidi, krimu hizi zina masharti, akanitazama, si mtu mbaya Zaidi, akasema, "Mwalimu, mimi Kiingereza sijui, mimi nauza unachosoma wewe," akanimiminia chai. Na Evelina mke wangu, ambaye uso wake haujaonja kitu zaidi ya samli na maji, aliniambia asubuhi moja akinifungia kifungo cha shati, bila ugomvi, kama anayetaja hali ya hewa, "Wewe unasoma, wao wanapaka," basi, akaenda kuchambua mchicha.

"Mwalimu?" anasema Zipora, amesogea, nasikia harufu ya krimu ya zamani chini ya khanga, tamu, kama ua lililosahauliwa ndani ya kitabu, "samahani nakuharakisha, Jumapili wakwe wanakuja pale nyumbani kwa ajili ya binti yangu Anyesi, mama wa binti hawezi kukaa mbele ya wakwe amejifunika, watasema nyumba ina ugonjwa, nataka tu nijue kama hii inaondoa," na Zaidi anadakia kutoka kaunta, "Si umeona picha ya daktari hapo? Hii ni ya kutibu, ile nyingine ilikuwa ya urembo," na Zipora anasema, anasema neno ambalo nilikuwa naliogopa kuliko tusi, "Ile wala haikuwa na kosa, Zaidi, ngozi yangu ndiyo mbishi, Mwalimu aliisoma vizuri tu, wenzangu imewafaa," Mwalimu aliisoma vizuri, laiti angenilaumu, laiti angekuja na ndugu zake wakasimama mlangoni wakaniita mzee mwongo mbele ya Jenifa, lakini yeye amekaa nyumbani na uso wake wote huo akatafuta mwenye kosa, akaona karatasi haiwezi kukosea, Mwalimu hawezi, akajikuta yeye, nami ndiye niliyemfundisha kutafuta hivyo, lililoandikwa hubaki, basi kilichobaki kisipolingana na ngozi, ngozi ndiyo iliyokosea.

Kidole kinaondoka, sikukiamuru, kinaondoka chenyewe na jina liko pale, lilelile, herufi kwa herufi, katika dawa kama lilivyokuwa katika urembo, na nyuma yake mstari wa maneno mepesi, na ninaweza, hili ndilo baya, bado ninaweza, nisome dhahabu, huondoa madoa yote, ningekuwa sijasema uongo, imeandikwa, angepiga goti, angekwenda, chai ingekuwa bado ya moto, nami ningebaki Mwalimu asiyejikwaa mpaka Jumapili, mpaka jua la Jumapili, au nimwambie haifai, hiyo pia ni rahisi, haifai mwanangu, bila sababu, angetii, angekwenda duka la pili ambako hakuna benchi wala mzee, angenunua hiyohiyo kwa sababu ya koti jeupe, na bado angesema ile ya kwanza haikuwa na kosa, hapana, lazima nilitamke, lazima nipite humo humo, nitamke jina nisilolijua, mbele ya Zaidi, mbele ya Jenifa aliyeingiza kichwa mlangoni, "Kopo gani hilo linasomwa kama hukumu ya mahakama?" anasema, nitalitamka vibaya, ulimi utagonga, nao watauliza maana yake nini, nami nitasema sijui, neno hilo sijawahi kulisema kwenye benchi hili, sijui, na lilikuwamo pia katika ile ya kwanza, Zipora, nililiona nikaliruka, na nyuma yake kulikuwa na jua.

"Mwalimu, unakwenda? Kaa bwana, chai hujaigusa," anasema Zaidi, na ndipo nagundua kwamba nimesimama, magoti yamejinyoosha yenyewe, niko wima kando ya benchi, kopo nimeliinua mbele ya macho kwa mikono miwili kama tulivyokuwa tukishika kitabu, wao wote wamekaa au wameegemea, ni mimi tu niliyesimama, kama Luka Chibehe, mvuke bado unapanda kutoka kwenye kikombe, Dokta Ferlow anatabasamu kuelekea barabarani, nimemgeuza, mbele yangu ziko herufi ndogo, na Zipora Mlewa, aliyeona kwamba Mwalimu sasa anaanza, anaisogeza khanga nyuma ya sikio, ili asikie vizuri.