Miguu kwenye Dari ya Mkuu

Wanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi walikuwa wanazama sakafuni, na Mkuu wa Kitivo alikuwa amechoshwa na miguu yao. Darasa lao lilikuwa juu ya ofisi yake. Kila asubuhi kipindi cha mekanika kilipoanza, miguu ilitokeza kwenye dari, mingine hadi kifundo, mingine hadi goti, na kiatu kimoja chenye matope kilidondosha uchafu kwenye kahawa yake. Mwavuli alikuwa akiutundika kwenye mguu uliokuwa karibu na mlango.

Akamwita Delfin Magbanua, mwalimu wa somo hilo, aje aeleze.

"Sakafu imeacha kuwasukuma, Mkuu," Delfin alisema. "Mtu akisimama anaikandamiza sakafu, na sakafu nayo inamsukuma juu kwa nguvu ileile. Hawa hawalijui hilo. Wanajua fomula. Basi sakafu nayo imewasahau."

"Fundi wa majengo anasemaje?"

"Anasema zege ni zima."

"Basi jengo halina tatizo," Mkuu alisema, akafuta kahawa mezani. "Tatizo ni wewe."

Chuo kile cha mji wa Iloilo kilifundisha mekanika kwa ajili ya mtihani wa bodi, ule wa kupata leseni ya uhandisi, na bodi ilitaka mtu apake rangi kiduara kimoja kati ya vinne. Zamani mwanafunzi alifundishwa kwanza kuchora. Alikitenga kitu peke yake kwenye karatasi, akakiwekea mshale kwa kila kinachokisukuma na kila kinachokivuta. Kazi hiyo inakula muda, na bodi haitoi muda. Walimu wakaifuta. Ukiona ngazi imeegemea ukuta, tumia fomula hii. Ukiona boriti ina mzigo katikati, tumia ile. Waliofaulu bodi walichapwa picha kwenye turubai kubwa langoni, kuanzia kifuani kwenda juu, na mji mzima ulisimama kuwatazama.

Delfin naye aliwahi kukaa kwenye turubai hiyo. Alishika nafasi ya tisa nchi nzima. Alipotembea darasani, soli za viatu vyake zilididimia kidogo, kama mtu anayepita kwenye mchanga wenye maji. Hilo hakumwambia mtu.

Aliyezama kuliko wote alikuwa Jovelyn Tupas. Mama yake aliuza batchoy, supu ya tambi, sokoni La Paz, na hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kufika chuo. Jovelyn alikariri fomula kama wengine wanavyokariri rozari, na kadiri alama zake zilivyopanda ndivyo alivyozidi kushuka. Kufikia wiki ya tano zege lilimfika mapajani. Viti vilikuwa vimeshaondolewa, maana navyo viliacha kuwabeba. Aliandika akiwa ameweka karatasi sakafuni mbele yake, viwiko chini, kama mtu aliye kwenye beseni. Kengele ikilia, wenzake walimshika makwapa wakamvuta, akajikung'uta sketi, akaenda kula. Kesho yake alizama zaidi ya jana.

Delfin alipiga hesabu. Kwa mwendo ule, siku ya mtihani wa mchujo, ambao chuo kiliutumia kuchagua wa kuendelea kuelekea bodi, zege lingempita kichwa.

Akamwomba Mkuu wiki tatu za kufundisha kwa namna nyingine.

"Chukua moja," Mkuu alisema. "Ikiisha anakuja padri kubariki penseli za mtihani. Sitaki akute watu wamekaa kama mihogo shambani."

Siku ya kwanza Delfin hakuandika kitu ubaoni. Aliwaambia wasimame wawili wawili, wagusanishe viganja, wasukumane.

"Mwalimu, hii mekanika au dansi?" aliuliza Rommel Gallego, kijana aliyekuwa wa kwanza darasani.

"We sukuma."

"Namsukuma. Huyu mkono wake una jasho."

"Na yeye anakufanya nini?"

"Ananipaka jasho."

Darasa likacheka. Rommel akacheka pia, akiwa amezama hadi magotini. "Bodi wataniuliza viganja, Mwalimu? Jibu ni A au B?"

Jovelyn hakuwa na mwenzake. Delfin akamsogeza ukutani, akamwambia asukume.

"Ukuta unafanya nini?"

"Haufanyi kitu, Mwalimu. Ni ukuta."

"Sukuma tena. Funga macho. Usiniambie kilichoandikwa kitabuni."

Alisukuma kwa nguvu zake zote. Nje muuza taho, uji mtamu wa soya, alipita akinadi, akaenda zake.

"Unanisukuma," Jovelyn alisema polepole.

"Kwa nguvu ya nani?"

"Kama yangu. Nikizidisha, nao unazidisha. Nikiacha, unaacha." Akafungua macho, akatazama chini. "Na sakafu pia?"

"Na sakafu pia."

Ikasikika sauti ya mguu unaochomoka kwenye tope la mpunga, na Jovelyn akapanda hadi magotini.

Wiki ile walichora. Walichora vikombe mezani, mbwa wa mlinzi amelala, mama mwenye ndoo kichwani, na kila kitu walikiwekea mishale yake yote. Ijumaa, watu sita walikuwa wamesimama juu ya sakafu kama binadamu wengine. Jovelyn alikuwa amebakiza vidole tu. Ofisini chini, mguu wa karibu na mlango ulipanda ukatoweka darini, na mwavuli wa Mkuu ukaanguka.

Mkuu akapanda ngazi ameushika mkononi.

"Umefika sura ya ngapi?"

"Ya kwanza, Mkuu."

"Wenzako wako ya sita."

"Wangu wanatoka sakafuni."

"Kutoka sakafuni kuna maksi ngapi kwenye bodi?"

Rommel alikuwa ameshapeleka malalamiko kwamba wanachezeshwa kama watoto wa chekechea, na wazazi kadhaa walikuwa wameshapiga simu. Alasiri ile mama yake Jovelyn alikuja mwenyewe, aproni ingali inanukia vitunguu, na batchoy ya moto kwenye mfuko.

"Kula kwanza, Mwalimu. Umekonda." Akangoja Delfin ameze tambi mbili tatu. "Mimi sikusoma. Mtoto anapanda, anashuka, sijui. Ila pale langoni napita kila siku, na kwenye ile turubai hawachapi miguu."

"Atazama, mama."

"Sisi tumezama tangu kwa babu yake. Mfundishe wanachofundishwa wenzake."

Mkataba wa Delfin ulikuwa wa muhula kwa muhula. Jumatatu akashika chaki, akaandika fomula ya ngazi, ya boriti, ya kapi, ubao ukajaa hadi kwenye fremu. Wanafunzi walinakili. Hakuna aliyeuliza kitu. Kabla ya saa sita wale sita walikuwa wameingia tena hadi kwenye soksi, na Jovelyn hadi magotini.

Padri alikuja akabariki penseli na vikokotoo, akitembea kwa uangalifu asikanyage vidole vya watu. Kisha Mkuu akamwomba ashuke ofisini, akanyunyizia maji ya baraka miguu pia.

Siku ya mtihani Jovelyn alianza na zege kifuani. Alifanya haraka, kwa utulivu, swali baada ya swali, na kila jibu lilimshusha kidogo. Alipofika swali la mwisho, la mtu aliyesimama kwenye ngazi, kidevu kilikuwa kimegusa sakafu na mikono ameinyoosha mbele.

"Mwalimu," alisema, "naweza kuchora?"

Delfin alikuwa akisimamia, naye amezama hadi vifundoni. Alitazama saa.

"Chora, kama una muda."

Jovelyn naye akaitazama. "Sina," alisema. Akapaka rangi kiduara cha C, akaweka penseli chini. Penseli sakafu iliibeba. Yeye haikumbeba.

Mkuu, alipoona viuno vinatokeza darini, alisogeza kiti pembeni. Jovelyn alipita kwenye dari akaangukia meza, na meza haikumsukuma, wala vigae, wala udongo ulio chini yake. Mkuu alisema baadaye kwamba binti yule alimwamkia vizuri akipita. Fundi alichunguza vigae, akasema ni vizima.

Karatasi yake ilisahihishwa pamoja na za wenzake. C lilikuwa ndilo jibu.

Muhula uliofuata Delfin alipewa darasa lilelile na wanafunzi wapya. Sura ya kwanza aliimaliza siku ya kwanza. Turubai mpya ikapandishwa langoni, maana safari ile chuo kiliamua kuwatukuza na waliofaulu mchujo. Jovelyn Tupas yupo katikati, wa kwanza, kuanzia kifuani kwenda juu, na Rommel yuko kulia kwake, wa pili. Mama yake Jovelyn hupita pale asubuhi akienda sokoni, akaweka ndoo chini, akatazama.

Gharama ilikuwa hii: binti mmoja wa miaka kumi na tisa. Kiatu kimoja cheusi, cha kushoto, kilichobaki kwenye zulia la Mkuu, na mama yake akapewa. Watu sita waliowahi kusimama juu ya sakafu kwa siku moja, Ijumaa. Na mwavuli, ambao ulivunjika ubavu mmoja ulipoanguka.