Kapu la Simu Miguuni pa Tusekile

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana wengine wameshalisimulia sokoni na wameliongezea chumvi. Mimi ni Veronika, Mama Doreen, mwenyekiti wa kwaya yetu ya Makandana. Mdomo ninao, sikatai. Mwaka ule simu za mkononi zilipoanza kushika mtandao Tukuyu, nilikuwa mtu wa nne kwenye kwaya kuwa nayo, na nilihakikisha kila mtu anajua.

Tusekile hakuwa na simu. Alikuwa mchuma chai, mwembamba, vidole vimekakamaa kwa kazi, na ndiye aliyepiga gitaa la besi. Wapo wanaume waliocheka alipoanza. Alijifunza miaka sita kwenye gitaa la zamani la kanisa, nyuzi zina kutu, jioni baada ya kushinda shambani. Akipiga, hata kama umechoka unaimba tu, maana sauti yake inakubeba kutoka chini. Nasema kweli, sijaona mtu anayejua kusikiliza kama yule binti. Kwaya ilipopata gitaa la mtumba kutoka Dar, lile lenye betri mgongoni, lilikwenda kwake bila kura.

Tena ndiye tuliyemwamini. Kanuni ya kanisa ilisema simu zizimwe. Sisi tulizima mlio tu, nani akubali kukosa kubipiwa? Kisha tunazitia kwenye kapu dogo la mianzi, na kapu linakaa miguuni pa Tusekile. Simu wakati ule ilikuwa mali, na katika watu arobaini hakuna aliyebisha kwamba kwa Tusekile haitaguswa.

Siku ya kurekodi kanda yetu, Jumamosi asubuhi, Yussuph, fundi wa kurekodi, alikuja na mitambo yake kutoka Mbeya. Tuliomba mvua isinyeshe, maana bati la kanisa likianza kupigwa na mvua ya Tukuyu hakuna kanda. Mvua ikatii. Gitaa halikutii. Katikati ya wimbo wa kwanza spika ya besi ikatoa tiki-tiki-tiki, tiki-tiki-tiki, halafu mngurumo. Tukarudia. Ikaja tena, mahali pengine. Yussuph akabadilisha waya, akabadilisha betri. Ilipokuja mara ya tano, mimi ndiye niliyepaza sauti.

"Tusekile, unafanya nini na hilo gitaa? Unatuaibisha!"

Alituliza nyuzi kwa kiganja, akaiangalia mikono yake.

Asajile, mzee wa kanisa aliyekuwa amekaa nasi tangu asubuhi, akasimama. "Mwanangu, gitaa hili limekukataa fijo, limekukataa kabisa. Mpe Erasto ajaribu."

Erasto ndiye mpiga solo wetu. Tusekile akavua mkanda, akamwambia kwa upole kwamba uzi wa pili unahitaji kubanwa kidogo, akachukua kapu lake na kwenda kukaa benchi la mwisho karibu na mlango. Erasto akapiga wimbo mzima. Safi. Akapiga wa pili. Safi.

"Basi, yamekwisha," akasema Mzee Asajile. "Kuanzia leo besi ni ya Erasto."

Nami nikaitikia. Naona haya kuandika hivi, lakini niliitikia, tena kwa sauti. Machozi yalimjaa Tusekile. Miaka sita ilikuwa inamtoka mikononi mbele yetu. Mtu mwingine angetoka nje. Yeye alibaki pale, kapu mapajani, akisikiliza wimbo wa tatu hadi mwisho, kisha akainuka.

"Mama Doreen, simu yako imewaka taa sasa hivi. Ni nani?"

"Baba Doreen. Yuko Kiwira, ananibipu kujua kama tumemaliza."

"Amebipu mara ngapi leo?"

Nikaenda kuitazama. "Sita."

"Kelele imekuja mara tano, kapu likiwa miguuni kwangu. Hii ya sita nilikuwa huku mlangoni, na gitaa halikulia." Akamgeukia Asajile. "Mzee, naomba nijaribu kitu kimoja. Kimoja tu."

Mzee Asajile alikunja uso, lakini akakubali. Tusekile akaliweka kapu miguuni pa Erasto, akamwomba Yussuph apige namba yangu. Erasto akaanza wimbo. Kabla simu haijawaka hata taa, spika ikalia tiki-tiki-tiki, mikononi mwa mwanamume, mbele ya mzee wa kanisa.

Yussuph alicheka mpaka akakaa chini. "Ndani ya gitaa hili kuna kikuza sauti kidogo, ndicho kinachokula betri. Kinainasa simu ikiitwa karibu. Na mimi fundi nimehangaika na waya asubuhi nzima!"

Hakuna aliyecheka naye. Sote tulikuwa tunalitazama lile kapu. Tulimpa Tusekile alinde simu zetu kwa sababu tulimwamini kuliko wote, halafu tukamnyang'anya gitaa kwa ajili ya hizo hizo simu. Na iliyolia ilikuwa yangu.

Nikalichukua kapu. Nikaangaza safu zote nikitafuta mwingine wa kumpa alishike. Hawa ni watu niliosali nao miaka ishirini. Sikumpata. Basi nikaizima simu, kuizima kabisa, mara ya kwanza tangu niinunue, na wenzangu wakazima za kwao.

Erasto mwenyewe ndiye aliyemvisha Tusekile mkanda wa gitaa. Mzee Asajile akajifanya anatafuta miwani. Mimi nikasimama mbele ya kwaya nzima, mdomo umekauka.

"Tusekile, nimekukosea. Nilikusema mbele ya watu, na mbele ya watu naomba unisamehe."

Alifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Ndaga, Mama, asante," akasema. "Lakini kwenye kiitikio huwa unachelewa kuingia. Leo nisikilize."

Nikarudi kwenye safu yangu, nikamsikiliza.